Kidole kwenye skrini: Jinsi programu za simu zinavyopanga matukio kwa njia ya mikondo

MFANYABIASHARA anayelipia bidhaa kwa simu hubonyeza kitufe cha kutuma, akaona skrini imetulia tuli, akabonyeza tena. Kumbe mtandao ulikuwa dhaifu tu na ombi la kwanza lilikuwa tayari njiani. Iwapo programu hiyo haikuundwa kwa uangalifu, pesa zitatoka mara mbili, na atakayehangaika kuzidai ni yule yule aliyebonyeza.

Kiini cha mkasa wa aina hii si ubovu wa simu wala ujinga wa mtumiaji. Ni namna programu ilivyoandikwa kupokea mambo yanayotendeka kwenye skrini, kuyapanga na kuamua lipi lifuatwe na lipi lipuuzwe. Miongoni mwa mbinu ambazo waundaji programu wamezikumbatia ili kukabiliana na tatizo hili ni upangaji programu wa mwitikio, ambao huyachukulia matukio yote kama mkondo wa maji unaotiririka, unaoweza kuchujwa, kuunganishwa na kuelekezwa kunakotakikana.

Makala haya yanafafanua chimbuko la mbinu hiyo, jinsi inavyofanya kazi, na mahali ambapo huweza kumponza asiyeielewa barabara.

Maana ya tukio

Tukio, katika lugha ya waundaji programu, ni jambo lolote linalotokea ambalo programu haikulipangia wakati. Kidole kikigusa kitufe, hilo ni tukio. Herufi ikiandikwa, kidole kikiteleza juu ya picha au simu ikilazwa ubavu, hayo nayo ni matukio. Aidha, jibu linalorudi kutoka kwa seva ni tukio, sawa na taarifa kwamba mtandao umekatika.

Sifa moja huyaunganisha yote: programu haijui yatafika lini, mara ngapi, wala kwa mpangilio upi. Mtumiaji hazuiliwi kubonyeza mara kumi katika sekunde moja, wala seva haizuiliwi kujibu swali la pili kabla ya la kwanza. Programu bora ni ile iliyoandikwa kwa kutambua kwamba mambo yatakuja shaghalabaghala.

Wasikilizaji na udhaifu wao

Njia ya jadi ya kupokea matukio ni kumweka msikilizaji, yaani kipande cha msimbo kinachosubiri tukio fulani na kuamka linapotokea. Mtindo unaokaribiana na huo, wa mtazamaji anayepashwa habari kila kitu anachokitazama kinapobadilika, ulielezwa katika kitabu cha mwaka 1994 kiitwacho Design Patterns, kilichoandikwa na Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides. Simu za iPhone zilipoingia sokoni mwaka 2007, na za kwanza za Android mwaka 2008, waundaji programu wake walitumia wasikilizaji wa namna hii.

Kwa kazi ndogo, msikilizaji anatosha kabisa. Matatizo huanza kazi inapopanuka. Msikilizaji wa kitufe huanzisha ombi la mtandao; ombi hilo huwa na msikilizaji wake wa jibu; jibu nalo huanzisha ombi jingine lenye msikilizaji wa tatu. Msimbo huishia kuwa sanduku ndani ya sanduku, na anayeusoma baada ya miezi sita hupotea njia.

Isitoshe, wasikilizaji hao huhitaji kukumbuka mambo. Je, ombi la awali bado linaendelea? Mtumiaji alibonyeza lini mara ya mwisho? Kwa kila swali kama hilo muundaji huweka alama mahali fulani kwenye msimbo, na kila mara lazima akumbuke kuibadilisha. Akisahau mara moja tu, kitufe hubaki kimefungwa milele au pesa hutumwa mara mbili.

Chimbuko la fikra ya mkondo

Fikra ya kuitikia mabadiliko si ngeni kwa yeyote aliyewahi kutumia jedwali la hesabu kwenye tarakilishi. Katika VisiCalc, programu ya mwaka 1979 iliyobuniwa na Dan Bricklin na Bob Frankston, mtu aliandika kwamba kisanduku kimoja ni jumla ya viwili vingine. Kimoja kati ya hivyo viwili kikibadilika, jumla nayo ilibadilika. Mwenye jedwali alieleza uhusiano tu, na tarakilishi ikafanya kazi ya kuudumisha.

Mnamo mwaka 1997, wataalamu Conal Elliott na Paul Hudak walichapisha kazi iliyoonyesha jinsi picha zinazosogea zinavyoweza kuelezwa kwa thamani zinazobadilika kadiri ya wakati pamoja na matukio. Baadaye Erik Meijer na wenzake katika kampuni ya Microsoft waliunda maktaba ya msimbo iliyoitwa Reactive Extensions, iliyotolewa kwa umma mwaka 2009. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: orodha ya vitu ambavyo programu huviendea kimoja kimoja, na mfululizo wa matukio yanayoijia programu moja moja, ni pande mbili za sarafu moja. Basi zana zinazochuja na kubadilisha orodha zinaweza pia kuchuja na kubadilisha matukio.

Mwaka 2013, kampuni ya Netflix ilitoa RxJava, toleo la maktaba hiyo kwa lugha ya Java. Ingawa lilikuwa limeundwa kwa ajili ya seva, waundaji wa programu za Android hawakukawia kulichukua. Upande wa iPhone ulikuwa na ReactiveCocoa tangu mwaka 2012, kisha RxSwift ikaja mwaka 2015. Mnamo mwaka 2019 kampuni ya Apple yenyewe ilitangaza maktaba iitwayo Combine, na mwaka uo huo zana ya Flow ya lugha ya Kotlin ikakomaa na kuanza kutumiwa kwenye Android. Majina hutofautiana, lakini msingi wa fikra ni ule ule.

Chanzo, opereta na mtazamaji

Mkondo wa matukio una sehemu tatu. Ya kwanza ni chanzo, mahali matukio yanapochipuka, kwa mfano kitufe au kisanduku cha maandishi. Ya pili ni opereta, vituo vilivyopangwa njiani ambavyo kila kimoja hupokea tukio, hulifanyia kazi moja, kisha hulipitisha au hulizuia. Ya tatu ni mtazamaji, aliye mwishoni, ambaye hupokea kilichopita vituo vyote na kukionyesha kwenye skrini.

Katika maktaba za jamii ya Rx, mtazamaji hupata ujumbe wa aina tatu pekee: kitu kipya kimefika, mkondo umekwisha salama, au mkondo umevunjika kwa kosa. Kanuni ya kukumbukwa ni kwamba baada ya kosa au mwisho, mkondo huo haupeleki kitu kingine tena. Kanuni hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayowaangusha wengi, kama itakavyobainika hapa chini.

Kisanduku cha kutafutia

Mfano unaoonyesha vyema faida za mikondo ni kisanduku cha kutafutia. Tuseme msafiri anatafuta tikiti ya basi la kwenda Kisumu, na programu humletea majina ya miji kadiri anavyoandika. Programu iliyoandikwa kwa pupa hutuma ombi kwa seva kwa kila herufi. Neno Kisumu lina herufi sita, hivyo huenda maombi sita, na matano kati yake hayana manufaa kwa yeyote. Mwenye simu hulipia intaneti hiyo na betri yake huisha bure.

Dawa ya kwanza ni opereta inayosubiri utulivu, ambayo jina lake katika maktaba nyingi ni debounce. Hupewa muda, tuseme milisekunde 300. Kila herufi inapofika, saa huanza kuhesabu upya; ni pale tu milisekunde 300 zinapopita bila herufi mpya ambapo neno huachiliwa kupita. Msafiri anayeandika herufi moja kila milisekunde 150 atakuwa amemaliza neno zima kwenye milisekunde ya 750, na ombi moja tu litaondoka kwenye milisekunde ya 1,050.

Dawa ya pili ni kuzuia marudio. Msafiri akiongeza herufi kimakosa na kuifuta papo hapo, neno hubaki lile lile lililokwisha kutafutwa, na hakuna haja ya kuisumbua seva. Opereta ya distinctUntilChanged hulinganisha kila neno na lililotangulia, na kulizuia ikiwa halijabadilika.

Lakini ugonjwa mkubwa haujatibiwa bado. Tuseme msafiri aliandika "Kis", akasita kidogo, kisha akaendelea hadi "Kisumu". Kwa kuwa alisita, ombi la "Kis" liliondoka kwenye milisekunde ya 600. Ombi la "Kisumu" likafuata kwenye milisekunde ya 1,400. Mtandao ukazubaa: jibu la kwanza likachukua sekunde mbili nzima, la pili milisekunde 400. Basi jibu la "Kisumu" linafika kwenye milisekunde ya 1,800, linaonyeshwa, na msafiri anainua kidole ili kuchagua. Kwenye milisekunde ya 2,600 jibu la zamani la "Kis" linaingia, linafuta orodha sahihi, na Kisii inakaa juu mahali Kisumu ilipokuwa. Kidole kinashuka. Msafiri amenunua tikiti ya kwenda kwingine.

Opereta inayozuia balaa hili huitwa switchMap katika RxJava, na flatMapLatest katika Flow na RxSwift. Kazi yake ni kuanzisha ombi kwa kila neno linalopita, na neno jipya linapofika, kuliacha ombi la zamani na kulifuata jipya pekee. Jibu lililochelewa halina tena mlango wa kuingilia. Jambo ambalo lingehitaji alama nyingi na masharti mengi katika mtindo wa wasikilizaji hapa hutekelezwa na kituo kimoja.

Hapa ndipo kanuni ya kosa inapouma. Ombi moja likikosa mtandao na kosa hilo likaachwa litiririke hadi kwenye mkondo mkuu, mkondo mzima wa kisanduku hufa. Mtumiaji ataendelea kuandika hata baada ya mtandao kurudi, lakini hakuna kitakachotokea mpaka aifunge skrini na kuifungua tena. Suluhisho ni kulikamata kosa ndani ya mkondo mdogo wa ombi lenyewe, na kuligeuza kuwa ujumbe wa kawaida, kwa mfano "hakuna mtandao". Mkondo mkuu hubaki hai ukisubiri herufi inayofuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kitufe cha kutuma pesa

Wanaojifunza mbinu hii hudhani kwamba opereta iliyofaa kwenye kisanduku itafaa pia kwenye kitufe. Huo ni upotovu. Kitufe kikiwekewa opereta ya kusubiri utulivu, kitachelewa kuitikia hata kwa mtu aliyebonyeza mara moja. Na mwenye wasiwasi anayebonyeza mfululizo atakuwa akiisogeza mbele saa hiyo kila mara, hivyo kadiri anavyobonyeza ndivyo anavyocheleweshwa.

Kinachofaa ni opereta ya throttleFirst, ambayo hupitisha bonyezo la kwanza papo hapo, kisha hufunga mlango kwa muda uliotajwa, tuseme sekunde moja. Mabonyezo yote ya ndani ya muda huo hutupwa. Hata hivyo, kinga hii ina kikomo. Ikiwa jibu la seva litachukua sekunde tano, mtumiaji anayebonyeza tena kwenye sekunde ya tatu atakuta mlango uko wazi.

Kinga imara zaidi ni kuufunga mlango hadi jibu lirudi. RxSwift ina opereta ya flatMapFirst yenye tabia hiyo: wakati kazi ya kwanza ingali inaendelea, maombi mapya hupuuzwa. Pamoja na hayo, skrini huonyesha wazi kwamba pesa zinatumwa na kitufe hufifia, maana mtumiaji aliyeelezwa kinachoendelea hana sababu ya kubonyeza tena.

Tahadhari kuu ni hii: opereta ya switchMap haifai kamwe kwa malipo. Ikipata bonyezo la pili, huliacha ombi la kwanza na kutuma la pili. Lakini kuliacha ombi kwenye simu si kulifuta kwenye seva. Maji yakimwagika hayazoleki. Huenda seva ilikwisha kulipokea la kwanza na kuanza kulitekeleza.

Vivyo hivyo kwa opereta ya retry, inayorudia ombi lililoshindikana. Kukosa jibu si ushahidi kwamba malipo hayakufanyika. Huenda pesa zilitoka na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa mwisho hauwezi kuwa kwenye skrini. Programu hutengeneza nambari ya kipekee ya muamala mara moja tu, mtumiaji anapofikia hatua ya kuthibitisha, na kuituma nambari ile ile kila inaporudia ombi. Seva ikiiona nambari iliyokwisha kushughulikiwa, hurudisha jibu la awali bila kutoa pesa upya. Nambari hiyo ikitengenezwa upya kwa kila bonyezo, ulinzi wote huwa umevunjika.

Katika nchi kama Kenya, ambako huduma ya M-Pesa ilizinduliwa mwezi Machi mwaka 2007 na malipo ya simu yakawa sehemu ya maisha ya kila siku, umuhimu wa jambo hili hauhitaji kupigiwa mbiu.

Fomu yenye sehemu nyingi

Kazi nyingine inayofaidika na mikondo ni ukaguzi wa fomu. Kitufe cha kutuma kinapaswa kuwashwa pale tu masharti yote yanapotimia: nambari ya simu iwe na tarakimu 10 na ianze kwa 07 au 01, kiasi kisizidi salio, na nambari ya siri iwe na tarakimu 4. Kwa mtindo wa wasikilizaji, kila kisanduku hulazimika kuvijua vingine vyote.

Opereta ya combineLatest huchukua mikondo hii mitatu na kutoa jibu jipya kila mmoja wao unapobadilika, ikitumia thamani ya karibuni zaidi ya kila mmoja. Matokeo ni ndiyo au la, nayo huelekezwa moja kwa moja kwenye kitufe. Uhusiano unafanana kabisa na ule wa jedwali la hesabu lililotajwa awali.

Ila kuna mtego mmoja. Opereta hii haitoi chochote mpaka kila mkondo uwe umetoa angalau thamani moja. Kisanduku ambacho hakijaguswa huizuia fomu nzima isihesabiwe. Ndiyo maana kila mkondo hupewa thamani ya kuanzia, aghalabu maandishi matupu.

Uzi mkuu na nyuzi nyingine

Simu hufanya kazi kwa nyuzi, yaani mifuatano ya shughuli inayokwenda sambamba. Mmoja kati ya hizo ni uzi mkuu, ambao pekee ndio unaoruhusiwa kubadilisha vilivyo kwenye skrini, iwe ni Android au iPhone. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde humpa muundaji takriban milisekunde 16 kwa kila mchoro. Ile ya mara 120 humpa takriban milisekunde 8. Uzi mkuu ukishikwa na kazi nzito, skrini hukwama. Kwenye Android, tukio la mguso likikosa kushughulikiwa kwa sekunde tano, mfumo humweleza mtumiaji kwamba programu haiitikii.

Kwa hivyo kazi za mtandao na za kusoma faili hupelekwa kwenye nyuzi nyingine, na matokeo yake hurudishwa kwenye uzi mkuu. Katika RxJava, subscribeOn huamua chanzo kitaanzia kazi kwenye uzi upi, nayo observeOn hubadilisha uzi wa hatua zote zinazofuata baada yake.

Kosa la kawaida hujitokeza hapa. Opereta ya debounce, isipoelekezwa vinginevyo, hupima muda wake kwenye uzi mwingine, na kilichopita huendelea kwenye uzi huo. Muundaji anayeiongeza kwenye mkondo uliokuwa ukifanya kazi vizuri, kisha akagusa skrini bila kurudi kwenye uzi mkuu, ataona programu ikianguka ghafla. Dawa ni kuweka observeOn ya uzi mkuu mara tu kabla ya mtazamaji.

Skrini inapofungwa

Kila mtazamaji aliyejiunga na mkondo lazima ajiondoe kazi yake inapokwisha. Asipojiondoa, mkondo huendelea kumshikilia, na kwa kumshikilia huishikilia pia skrini iliyofungwa zamani. Kumbukumbu ya simu hujaa vitu visivyotumika, na simu za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo ndizo huathirika kwanza.

Kwenye Android tatizo hili hukuzwa na jambo moja: mtumiaji anapoilaza simu ubavu, kwa kawaida mfumo huiharibu skrini iliyopo na kuijenga upya. Programu isiyo makini huacha watazamaji wa skrini ya zamani wakining'inia. Maktaba zote kuu zina chombo cha kuwakusanya watazamaji na kuwaondoa kwa pamoja. RxJava ina CompositeDisposable, RxSwift ina DisposeBag, na Combine hutumia seti ya AnyCancellable. Kwa watumiaji wa Kotlin, zana ya viewModelScope hukatisha kazi zake pale mmiliki wake anapoondolewa.

Mikondo baridi na mikondo moto

Wataalamu hutofautisha mikondo baridi na mikondo moto. Mkondo baridi haufanyi lolote mpaka apatikane mtazamaji, na kila mtazamaji huanzishiwa wake upya. Ombi la mtandao mara nyingi huwa la aina hii. Mkondo moto hutiririka pawe na mtazamaji au pasiwe. Mibonyezo ya kitufe ni mfano wake.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Sehemu mbili za skrini zikijiunga na mkondo baridi mmoja, moja ikionyesha salio na nyingine ikionyesha tarehe, maombi mawili hutumwa badala ya moja. Ikiwa ombi lenyewe ni la malipo, athari zake zinajulikana. Mkondo baridi unaohitajika na wengi hugeuzwa kwanza kuwa wa kushirikiana, kwa opereta kama share.

Hali si tukio

Ni muhimu pia kutenganisha hali na tukio. Salio la akaunti ni hali: lipo wakati wote, na anayefika sasa anapaswa kuliona. Ujumbe wa "pesa zimetumwa" unaojitokeza na kutoweka ni tukio: hutokea mara moja na kupita.

Zana ya StateFlow ya Kotlin huhifadhi thamani ya mwisho na kumpa kila mtazamaji mpya. Kwa salio, hiyo ndiyo tabia inayotakikana. Lakini ujumbe wa malipo ukiwekwa humo bila kufutwa baada ya kusomwa, mtumiaji akiilaza simu, skrini mpya itajiunga, itapewa ujumbe ule ule, na kumtangazia tena kwamba pesa zimetumwa. Atashtuka akidhani ametozwa mara ya pili, ilhali hakuna kilichotoka.

Kuna pia hatari ya mafuriko. Kidole kinachoteleza kwenye ramani huzalisha matukio mengi kuliko mtazamaji anavyoweza kuyahudumia. RxJava 2 ya mwaka 2016 ilileta aina ya mkondo iitwayo Flowable, ambamo mtazamaji husema anahitaji vitu vingapi. Hata hivyo kidole hakiwezi kuambiwa kipunguze mwendo, hivyo yanayozidi hutupwa na lililo la karibuni zaidi huhifadhiwa. Kwa mahali pa kidole, hakuna hasara. Kwa mabonyezo ya malipo, kutupa ovyo ovyo hakukubaliki.

Faida, kasoro na hali ilivyo sasa

Faida mojawapo ya mikondo isiyotajwa sana ni urahisi wa majaribio. Kwa kuwa muda wenyewe hupitia kwenye maktaba, muundaji anaweza kuweka saa ya bandia na kuisogeza mbele milisekunde 300 bila kusubiri. Mkasa wa Kisumu na Kisii unaweza kuigizwa neno kwa neno na kukaguliwa kila programu inapofanyiwa marekebisho.

Kasoro nazo zipo. Opereta ni nyingi, baadhi zikifanana kwa jina na kutofautiana kwa tabia. Programu inapoanguka, ripoti ya kosa hujaa majina ya vijenzi vya maktaba badala ya msimbo wa muundaji mwenyewe. Mgeni kwenye kikundi huchukua muda kuuzoea mtindo huu. Kwa kitufe kinachofungua tu skrini nyingine, msikilizaji wa kawaida anatosha, na kumwekea mkondo ni kumuua nzi kwa rungu.

Tangu mwaka 2019, Apple ilipotangaza SwiftUI, na mwaka 2021, toleo la kwanza imara la Jetpack Compose la Google lilipotolewa, skrini zenyewe zimekuwa zikielezwa kwa mtindo wa mwitikio: muundaji hutaja hali, na skrini hujichora kulingana nayo. Miradi mingi mipya ya Android hutumia Flow badala ya RxJava, ingawa RxJava ingali imo katika programu nyingi zilizoandikwa zamani. Anayeelewa debounce, switchMap na combineLatest katika maktaba moja huzitambua katika nyingine, hata zikibadilishiwa majina.

Kwa vijana wanaoanza kuunda programu za simu, funzo ni kwamba kabla ya kuchagua opereta, waulize maswali matatu. Je, tukio lipi lina haki ya kupita: la kwanza, la mwisho, au yote? Je, kazi ya awali ikiwa bado inaendelea, iachwe, isubiriwe au iachiwe njia? Na je, mambo yakiharibika katikati, ni nani atakayebeba hasara? Kwenye kisanduku cha kutafutia, hasara ni orodha iliyochelewa. Kwenye kitufe cha kutuma, hasara ni pesa za mtu, na seva ndiyo inayopaswa kuwa na neno la mwisho.